Foleni Katika Tangi la Kobe

Bitutu alitumbukiza mkono ndani ya tangi la kioo, akamsukuma kobe pembeni kwa kiwiko, akaanza kusugua kioo kwa mswaki kuukuu wa mumewe. Sabuni hakuthubutu kuitumia. Mwenye duka la dawa za mifugo alikuwa amemwonya kwamba sabuni humdhuru kobe wa maji. Alimshauri pia apunguze chakula, asogeze tangi mbali na dirisha na abadilishe maji mara kwa mara, maana mwani hupenda jua na makombo. Bitutu alifuata yote. Mwani haukufuata lolote.

Kobe alinaswa kwenye nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani, kule Homa Bay, na mumewe Bitutu, Mzee Omosa, akamnunua kwa kuwa nyumba ya mtu wa heshima haikosi kitu cha kuonyesha wageni. Walimwita Shemasi, kwa sababu hakuwa na haraka na hakuwahi kupinga jambo.

Siku za kazi mwani ulikuwa mwani tu. Lakini Ijumaa jua lilipotua, Sabato ikaingia na mswaki ukawekwa chini, ulianza kuchora. Kufikia asubuhi kioo kizima kilikuwa na picha ya kijani: wanawake wa mtaa wao wa Suna wamepanga foleni na mitungi mbele ya ukuta, na nyuma ya ukuta, mfereji wa maji ya bomba. Maua ya leso zao yalionekana. Eucabeth, jirani yao muuza omena, alionekana hadi pengo lake la jino. Kwa vile kusugua ni kazi na Sabato haina kazi, Omosa aliagiza tangi lifunikwe kwa kitambaa cha kufuma, kile cha kochi kubwa.

Ukuta ulikuwa wa Omosa. Mfereji ulikuwa wa mtaa. Wakazi walichimba wenyewe mtaro wa kupitisha bomba. Kisha Omosa akapanua boma lake, na ukuta ulipokamilika, mfereji ukajikuta ndani. Alipenda kueleza kwamba hajaugusa hata kwa kidole. Tangu hapo mtaa ulichota Mto Migori, na binti wa Eucabeth alikuwa ametoka juzi kulazwa kwa homa ya matumbo. Bitutu alimpelekea uji, akashindwa kumtazama mama yake machoni. Aliona aibu kali, na alirudi nayo nyumbani.

"Fungua hiyo gate, Baba Ken, hata jioni tu," alimwambia mumewe.

"Nikifungua watazoea," Omosa akajibu. "Halafu maji ya Shemasi itatoka wapi?"

Wiki hiyo jina la Omosa lilikuwa limependekezwa kwa uzee wa kanisa, na Mchungaji Obare pamoja na wazee wangekuja kula mchana wa Sabato baada ya ibada ili wamjue vizuri. Bitutu akaona hapo pana nafasi. Ijumaa magharibi hakufunika tangi. Kile kitambaa alikifunikia runinga.

Wageni walikuja, wakanawa mikono, wakaketi, wakatazama tangi. Omosa alitokwa jasho.

"Huyu wa mbele si ni Mama Eucabeth?" Mchungaji Obare akauliza.

"Ndiye," Omosa akasema.

"Amefanana sana."

Mzee mmoja alisema mwani wa kwake nyumbani hukua ovyo ovyo tu, bila mpango. Mwingine akauliza kobe hulishwa nini. Omosa akajifuta jasho, akachukua paja la kuku.

"Mchungaji," Bitutu akasema, "hao wanangojea maji. Mfereji wao uko hapa ndani kwetu."

"Tumeuona, mama," Mchungaji akamjibu kwa upole. "Umechorwa vizuri."

Akafafanua somo la saburi kwa kutumia foleni ile. Kabla ndizi hazijaletwa, wote walikubaliana kwamba mtu ambaye hata tangi lake linawakumbuka majirani ndiye mzee hasa.

Wakati huo Eucabeth alikuwa langoni na mtungi, akiomba maji ya binti yake kumezea dawa. Omosa akaagiza aingizwe ajione. Eucabeth aliinama mbele ya kioo.

"Yawa, si ni mimi," akasema. "Na maji je, mzee?"

"Mama, leo ni Sabato. Hatuchoti."

"Na jana?"

"Jana ilikuwa siku ya maandalio."

"Kesho basi?"

"Kesho tunabadilisha maji ya Shemasi."

Eucabeth alimtazama Bitutu. Bitutu alitazama sahani. Wageni walitaka chai.

Jumapili Bitutu alisugua foleni yote, akaanza kumwaga maji ya kobe kwenye mtaro unaopita chini ya ukuta. Hayakusikika yakienda mbali. Alichungulia kwenye tundu la ukuta, akaona upande wa pili Eucabeth ametega beseni. Maji yalikuwa ya kijani, lakini angalau yalitoka kwenye mfereji. Bitutu alimimina polepole ili beseni lisifurike.

Ijumaa iliyofuata mwani ulichora wanawake walewale, mara hii na mabeseni, wameinama chini ya ukuta. Omosa, sasa mzee wa kanisa, alikirudisha kitambaa kwenye kochi, akavuta kiti karibu na kioo.

"Mama Ken," akasema, "kuja uone. Leo hata mabeseni yametoka."