Dawa Inaingia

Siku ile mpumbavu alikuwa Fanueli, wala usimtafute mwingine. Mwenyewe akisimulia hasingizii jua wala njaa. "Nilikuwa punguani," husema, "tena punguani mwenye mafuta mkononi."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akichua misuli ya wachezaji wa Tunduma, na viuno vya madereva waliochakaa kwa kukaa foleni ya mpakani. Walimwita Dokta. Sifa yake ilikuwa kelele: mgonjwa akilia mpaka majirani wachungulie, basi kazi imefanyika. "Dawa inaingia!" Fanueli alizoea kusema, huku akikandamiza zaidi.

Kwa hiyo wachua misuli walipoitwa kwenye semina ya siku tatu katika ukumbi wa kanisa, alikwenda kufuata cheti tu. Mwalimu alikuwa Gwantwa, mtaalamu wa viungo kutoka Vwawa, binti ambaye Fanueli angeweza kumzaa. Asubuhi ya siku ya pili aliwafundisha kumuuliza mgonjwa maumivu yake ni namba ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi, kabla ya kumgusa na hata wakati wa kumgusa.

Fanueli akanyoosha mkono. "Mwalimu wangu, kwani maumivu yana namba kama pikipiki?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Gwantwa naye akacheka, kisha akasema, "Wewe uliza tu, baba. Iko siku jibu litakutisha."

Wakati wa chai, bodaboda ikaingia uani na Ambilikile, mshambuliaji wa timu, kakunja uso nyuma ya dereva. Alikuwa amepigwa teke la muundi kwenye mazoezi ya asubuhi. Jumapili walikuwa wacheze na timu ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

"Dokta, niweke sawa."

Bahati iliyoje! Wachuaji kumi na wawili wanatazama, na mwalimu yuko ndani anapanga karatasi zake. Fanueli akamlaza kijana kwenye benchi. Mguu ulikuwa umevimba, shavu la mguu gumu kama gogo, ngozi inang'aa. Ugumu ule ulimshtua kidogo vidoleni, lakini watu walikwishasogea. Akamimina dawa, akazamisha vidole gumba.

Ambilikile akapiga ukelele hadi dereva mmoja Mzambia akachungulia kutoka kwenye lori lake barabarani: "Awe, mukwai! Hapana, jamani! Mnamchinja?"

"Mzee, niache! Nakufa, niache!"

"Mnasikia?" Fanueli akawageukia wenzake. "Dawa inaingia!"

Alichua robo saa nzima. Kisha akafunga bandeji, akaivuta mpaka mishipa ya shingo yake mwenyewe ikasimama. Kijana alilia, akang'ata mkono wa jezi. Halafu, polepole, akanyamaza.

"Ametulia," Fanueli akajifuta jasho. "Hapo sasa hakuna namba hata moja."

Gwantwa alikuwa amesimama mlangoni. Alipiga magoti, akabonyeza kidole gumba cha mguu ule.

"Nimegusa kidole kipi?"

"Kwani umeshagusa?" akauliza Ambilikile.

Gwantwa akapandisha mkono hadi kwenye shavu la mguu.

"Huku juu namba ngapi?"

"Kumi. Kumi na mbili."

"Na vidoleni?"

"Sina vidole, dada."

"Mkasi!" Gwantwa akaukamata, akamkabidhi Fanueli. "Kata."

"Mwalimu, bandeji ndiyo inayoshikilia..."

"Umefunga wewe, baba. Kata wewe."

Mkasi ukateleza mara mbili katika mikono iliyosifiwa miaka kumi na tisa. Bandeji ilipoachia, unyayo ulikuwa umepauka, baridi kama jiwe la mtoni.

"Msuli umevimba na hauna pa kupanukia, unajikaba wenyewe," alisema Gwantwa, simu ya hospitali tayari sikioni. "Huu hauchuliwi wala haufungwi. Unapasuliwa, tena ndani ya saa chache. Uliumia saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

Ilikuwa inakaribia saa tano.

Malori yalikuwa yameziba barabara yote. Bajaji iliyowapeleka hospitali ikapita pembeni, gurudumu moja likichungulia mtaroni. Fanueli alichuchumaa chini ameupakata ule mguu, huku amri ya Gwantwa ikimgonga kichwani: usiuinue, usiubane, usiuchue. Tangu azaliwe hakuwahi kushika mguu wa mtu bila kuufanya chochote.

"Namba ngapi, mwanangu?"

"Kumi."

"Na vidole?"

"Bado."

Lori mbele yao likagoma kusogea. Fanueli akatoa kichwa nje, akapiga kelele kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kumchua.

Daktari alitoka chumba cha upasuaji baada ya saa mbili. Mguu umesalimika, alisema. Wangefika jioni, yangekuwa mazungumzo ya kuukata.

Jumapili timu ilicheza bila mshambuliaji wake. Fanueli alikwenda wodini na chupa ya uji, akamkuta Ambilikile anachezesha vidole vitano, kimoja kimoja, kama anayevihesabu. Hofu ya siku tatu ilimtoka Fanueli, na ilipotoka ikageuka ugomvi.

"Na wewe nawe, Ambilikile! Mtu mzima, kinywa unacho, unanyamaza tu unachuliwa mpaka mguu unakufa! Si ungeniambia niache?"

Ambilikile akaweka kikombe cha uji chini.

"Nilikuambia, Dokta. Ukawaambia watu dawa inaingia."