Siku za Kukataa Maziwa

Xaveria alikifunika kikombe chake kwa kiganja. Uwingabire, aliyekuwa akimimina maziwa, akakiruka na kumjazia mzee Desderius.

Hakuna aliyeuliza. Katika nyumba ile ya Nyabiyonza bado walifuata mwiko ulioachwa na mama mkwe: mwanamke aliye mwezini haonji maziwa, ng'ombe asije akakauka. Xaveria alikuwa amefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka ishirini na saba, na alijua kwamba ng'ombe hana habari na damu ya mtu. Alijua pia kwamba yake ilikoma Agosti ya mwaka juzi, akiwa na miaka hamsini. Hata hivyo, kila mwezi alikifunika kikombe siku nne, kwa kufuata alama za penseli kwenye kalenda ya kanisa. Joto lililompanda kifuani hadi utosini alilisingizia moshi. Machozi yasiyobisha hodi, vitunguu. Desderius aliona kiganja, akaamini. Mume anayeamini hatafuti mwingine.

Kisha akaja Uwingabire, kibarua wa kusuka maziwa, mwenye shingo ndefu na miaka thelathini na minane. Kibuyu kilipanda na kushuka mapajani mwake kama mtoto anayebembelezwa. Desderius, ambaye hakuwahi kusifu hata chakula cha arusi yake, alisema siagi ya mwanamke yule haina mfano. Tangu hapo Xaveria akawa na hesabu ya pili. Machi, Aprili, Mei, Juni: Uwingabire hakukataa maziwa hata siku moja.

Asubuhi iliyofuata, mzee alipokwenda kuanika kahawa, Xaveria alimwendea Uwingabire jikoni.

"Mimba ina miezi mingapi?"

Kibuyu kikasimama. "Mama Adelard, hata shikamoo yangu hujaitikia."

"Marahaba. Miezi mingapi?"

"Mimba ya nani, mama?"

"Ya mwenye nyumba hii."

Uwingabire akacheka. "Mzee? Yule anayekoroma akiwa amekaa?" Kicheko kikakatika. "Sina mimba. Mume wangu Karekezi alinifukuza kwa kutokuwa nayo. Mwezi wa tatu nilikwenda kupimwa hospitali. Wamesema damu yangu imekoma mapema, haitarudi."

"Ungekataa maziwa. Nani angejua?"

"Nimdanganye nani? Naishi peke yangu." Alifuta mdomo wa kibuyu kwa kidole. "Lakini wewe ukifunika kikombe, mama, mimi hununa njia nzima hadi nyumbani. Nasema, hamsini na miwili, na Mungu bado anampa. Mimi kaninyima nini kingine?"

Jambo la kwanza alilolihisi Xaveria, na alilitambua kwa jina lake, lilikuwa furaha: kumbe yupo aliyemwonea wivu. Ikadumu pumzi mbili. Kisha joto likampanda, shingo ikalowa, naye akaivua kanga mabegani. Jikoni hapakuwa na moto.

Uwingabire alilitazama jiko, kisha shingo iliyolowa.

"Tangu lini?"

"Agosti. Mwaka juzi."

"Na kikombe?"

"Nilikuwa nakifunika tu."

"Mwalimu mzima!" alisema Uwingabire. Akasogea kidogo kwenye mkeka, kiasi cha mtu mmoja kukaa, akaendelea kusuka. Xaveria akakaa. Walikaa hivyo mpaka siagi iliposhika.

Jioni Desderius alirudi na vumbi la kahawa miguuni. Ilikuwa siku ya pili kati ya nne. Uwingabire alimimina cha mzee, akafika kwenye kikombe cha mkewe, akasita. Kiganja cha Xaveria kilibaki pajani. Maziwa yakapanda hadi ukingoni.

"Nilidhani hunywi leo," alisema Desderius.

"Nakunywa."

"Siku zako si—"

"Zilikwisha, Baba Adelard. Zamani."

Desderius alikitazama kikombe, kisha akautazama uso wa mkewe kwa muda ambao Xaveria, aliyehesabu kila kitu, hakuuhesabu. Maziwa yalikuwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe. Xaveria akanywa.