Kaburi Safi la Mzee Maeng

Bibi ameshinda. Naanza na mwisho kwa sababu siwezi kukaa nao tumboni, mengine nitawapa taratibu.

Bibi yangu Okbun anataka akifa achomwe. Na si yeye tu. Anataka Babu, aliyelala mlimani tangu mimi sijazaliwa, afukuliwe sasa, mifupa ichomwe, halafu majivu yao wote wawili yawe chini ya msonobari mmoja kule bondeni, karibu na stendi ya basi, ambako hata mwenye goti bovu anafika. Aliyasema hayo tukimenya vitunguu saumu, kama mtu anayepanga chakula cha jioni.

"Huu ndio mwezi wa ziada," akasema, ule unaoongezwa kwenye kalenda ya mwandamo kila baada ya miaka michache. "Mizimu haiujui, haupo kwenye kalenda yao. Ukigusa kaburi hakuna wa kukasirika. Ukipita huu, mpaka tusubiri mwingine, na mimi sina subira hiyo."

Shida ni Baba Mkubwa Gwangsik. Yeye ndiye mwana mkubwa, na bila yeye kukubali hakuna wa kugusa kaburi la Babu.

"Baba yangu kwenye tanuri? Labda nife kwanza."

"Sawa, tutaanza na wewe," Bibi akamjibu, akachukua kitunguu kingine.

"Mama, watu watasema nini?"

"Watu gani? Wenzangu wote wa kucheza karata wameshachomwa. Hebu niambie, nikifa nani atakuwa anafyeka makaburi yetu? Dasol? Huyu akiona nyigu anaita polisi."

Dasol ndiye mimi, na ni kweli.

Baba Mkubwa akapata wazo. Akasema twende mlimani, Bibi akajionee mahali palivyo safi, moto utamtoka akilini. Bibi hajapanda kule tangu goti limgomee. Kila mwaka Baba Mkubwa anawapigia simu mafundi wa kufyeka, wanafyeka, wanamtumia picha, na sisi tunakwenda kusujudu. Safari hii aliwaita mapema, makusudi.

Basi jana tukapanda, Bibi mgongoni kwangu, ananielekeza kama punda. Tukafika. Kichuguu cha kaburi kimenyolewa, kinang'aa. Baba Mkubwa akatandika mkeka, akatoa pombe ya mchele, kifua mbele.

"Haya, Mama. Sema kweli, nani amelala vizuri kama Baba?"

Bibi akateremka mgongoni. Akatazama kulia, kushoto. Akapita mkeka, akaenda zake mpaka kwenye kichaka kilichomfika kifuani, akaanza kuchokoachokoa chini kwa fimbo.

"Mama, huko kuna nyoka."

"Huku kuna mume wangu."

Fimbo ikagonga kitu. Nikachimba kwa mikono, nikatoa chupa ya kijani, imejaa udongo. Bibi aliifukia mwenyewe miguuni pa Babu siku ya mazishi, ili asije akakosa cha kunywa.

Baba Mkubwa akabaki ameshika kikombe. "Sasa yule ni nani?"

"Maeng. Yule aliyegombana na baba yako kuhusu mpaka wa shamba la pilipili mpaka wakaacha kusalimiana."

Jamani. Vichuguu vyote vinafanana, mafundi walikosea mara moja tu, sisi tukafuata picha. Miaka yote hiyo tumemsujudia Maeng. Mimi nilimpelekea hadi habari za kufaulu chuo, nikamlilia.

Bibi hakumcheka mwanawe. Alicheka, lakini alikicheka kisa chenyewe. "Gwangsik, wewe una mapenzi, ila mlima ni mkubwa. Chini ya msonobari wetu kutakuwa na kibao chenye majina. Hata wewe hutapotea."

Baba Mkubwa akaingia kichakani. Akavua koti, akang'oa majani kwa mikono mpaka kichuguu cha Babu kikaonekana, akasujudu kwenye vumbi na suruali yake ya harusi. Akamimina pombe.

"Baba," akasema, "kuna joto kidogo linakuja. Vumilia, na Mama atakukuta huko." Kisha akamgeukia Bibi. "Nitawapigia watu wa kufukua leo leo, kabla mwezi haujaisha."

"Na mimi je, siku yangu?"

"Na wewe, Mama. Nitawasha mwenyewe ukitaka."

"Usiharakishe."

Wakati wa kushuka, Baba Mkubwa akasimama kwenye lile kaburi safi, akammiminia Maeng pombe iliyobaki.

"Amezoea," akasema.