Maji Upande Huu, Umeme Upande Ule

Fundi cherehani alikuwa anatia vifungo kwenye sare za shule, ofisa wa manispaa akaingia bila hodi, kopo la rangi nyekundu mkononi.

"Bomba lipo. Umeme je?"

"Uko kwa kinyozi, bosi, nyuma ya ukuta huu."

"Kwa hiyo huna. Nyumba lazima iwe na maji na umeme, la sivyo inafungwa. Sheria mpya hiyo. Nikimaliza mtaa narudi kupiga alama."

Akaingia kwa kinyozi. Huko umeme upo, maji hakuna. Maneno yakawa yale yale.

Jamani, nyumba ilikuwa moja hii! Mwaka ule bendera ilipobadilishwa, wakubwa wapya walikuja kugawa leseni, wakasema hapa litakuwepo duka moja tu. Kati ya ndugu wawili, nani? Babu yake fundi akasema mimi. Mdogo wake, babu yake kinyozi, naye akasema mimi. Wakashikana mashati, ukuta ukapanda katikati ya sebule. Tangu hapo wajukuu wanarithishwa kinyongo pamoja na masufuria. Kinyozi anabeba maji kutoka mtaa wa pili, na bomba analisikia likitiririka. Fundi anapiga pasi ya mkaa, moshi unamtoa machozi, na mashine ya kunyolea inanguruma pale pale ukutani. Ukaidi gani huu?

Fundi akachukua nyundo.

"Ukigusa ukuta huo, mimi si mama yako!" mama yake akapiga kelele kitandani. "Babu yako walimwita msaliti, wale wa ng'ambo ya ukuta!"

"Babu alishakufa, mama. Wakifunga nyumba, mimi nitalala wapi?"

Akagonga. Upande wa pili mashine ikanyamaza.

"Wee! Unabomoa nini?"

"Kaka, gonga na wewe huko! Tukiwa nyumba moja, maji tunayo, umeme tunao."

Kaka! Tangu wazaliwe walikuwa wanaitana "wale". Tofali la upande wa kinyozi likaanza kutikisika.

Ofisa aliporudi, pengo la kupita mtu lilikuwa wazi. Fundi ameshaazima pasi ya umeme, ameichomeka. Kinyozi ameshajaza ndoo. Wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wanacheka kama wendawazimu.

Ofisa akachungulia huku na huku. "Sawa. Hii sasa nyumba moja. Siifungi." Wakashusha pumzi. "Ila nyumba moja, biashara moja. Kushona au kunyoa?"

"Mbona asubuhi hukusema?" fundi akafoka.

"Asubuhi zilikuwa nyumba mbili, fundi. Sheria siitungi mimi. Semeni upesi, nani anabaki na leseni?"

Vicheko vikakatika. Fundi akaangalia sare zilizolundikana. Kinyozi akaangalia ndoo yake.

"Mimi," wakajibu wote wawili kwa pamoja.