Sharafa za Mkuu wa Stesheni

Mzee kinyozi alikuwa na kitendawili chake mwenyewe: napalilia kila siku, mavuno yangu nayafagia. Binti yake alijua jibu, ndevu, kabla hajajua kusoma. Lakini dukani kwao jibu hilo halikutosha.

"Watu husema ndevu, yakaisha," baba alimfundisha. "Sisi, la. Za kidevuni ndizo ndevu. Za juu ya mdomo, masharubu. Zinazoteremka mashavuni kutoka masikioni, hizo sharafa. Ukiwaita watoto wote 'wewe', atakuja usiyemtaka."

Sasa mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, na wembe na kutetemeka havilali nyumba moja. Binti akashika kazi. Wiki tatu alifukuza nzi tu! Wanaume walikuja kupiga soga kwenye benchi, lakini wakitazama kile kiti, kila mmoja anakumbuka ana haraka.

"Mwisho wa mwezi naweka mashine ya kusaga humu," baba mdogo alisema. "Mwanamke amshike mwanamume kidevu, nani kaona?"

"Mwezi haujaisha, baba mdogo," binti akamjibu.

Asubuhi moja akaingia mkuu wa stesheni, leso shavuni. Mtaa mzima ulimwita Sharafa, maana zake zilikuwa nyeupe, nene, zimeteremka kama mapazia. Miaka ishirini aliziruhusu mikono ya mzee kinyozi peke yake.

"Jino, mzee wangu?" binti akauliza.

"Jino ningeshukuru."

Akaondoa leso. Lo! Shavu la kushoto, kuanzia ndewe ya sikio kwenda chini, lilikuwa tupu, halina hata unywele. Alikuwa amekwenda duka la ng'ambo ya barabara, kwa fundi wa mashine, naye fundi akasahau kuifunga mashine kitana cha kuizuia isinyoe zote.

"Saa nane wananiaga kazini," alisema kwa sauti ndogo. "Napigwa picha, itundikwe stesheni."

Benchi likaangua kicheko. "Mkuu, shavu moja limeshaondoka na treni, la pili linasubiri abiria!"

"Baba yako yuko wapi?"

Mzee, pale pembeni, akanyanyua mkono wake ulioshika kikombe na kisahani. Ulitetemeka mpaka kikombe cha chai kikalia. Mkuu akautazama, kisha akamgeukia binti.

"Ukinikata je?"

"Utapiga kelele, na baba mdogo atapata chumba cha mashine yake."

Akakaa. Binti akamgusa kila mahali kwa mgongo wa kidole, kama alivyofundishwa.

"Ndevu?"

"Nyoa."

"Masharubu?"

"Usithubutu!"

"Nitayachana tu. Na sharafa?"

"Zimekwisha hizo, mwanangu."

"Za juu zipo. Tulia."

Akamfunika taulo la moto. Shavu la kulia, lililobaki na nywele, akalipunguza mpaka usawa wa ndewe, likawa sawa na lile lililoharibiwa. Kisha wembe ukateremka na mwelekeo wa nywele, pole pole, taya hadi koo. Sharafa zikabaki fupi, zimechongoka mbele ya masikio. Masharubu, ambayo miaka yote yalimezwa na yale mapazia, akayapaka mafuta, akayachana, yakasimama mapana kama mbawa za tai.

Akampa kioo. Mkuu alijitazama kulia, akajitazama kushoto.

"Mke wangu leo hanifungulii mlango," akasema mwishowe. "Atadhani kijana gani huyu!"

Akavaa kofia, akaivua, isije ikaficha kitu. Akashika katikati ya barabara, akapita mbele ya duka la ng'ambo kwa mwendo wa bwana harusi. Kila aliyemuuliza alielekezwa kwa kidole nyuma, kwa binti.

Seremala mmoja wa pale benchini alikirukia kiti kabla wenzake hawajainuka. "Dada, ndevu ondoa, masharubu niachie!"

Kufika adhuhuri, foleni ilikuwa nje. Baba mdogo akaja, akajipenyeza.

"Mwisho wa mstari, ndugu yangu," mzee akamwambia, meno yote nje.

Akapanga foleni kama wengine, hata zamu yake ikafika. Akakaa, macho chini.

"Karibu, baba mdogo. Ninyoe nini?"

"Ndevu. Na hizi za mashavuni... zinaitwaje vile?"

"Sharafa!" benchi zima likamjibu, na sauti ya mzee kinyozi juu kuliko zote.