Aliyecheka Msibani

Mwalimu Nikolaus aliingia kidato cha tatu na madaftari kwapani, akayatua mezani, akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kama rula: "Msomaji mzuri hamwamini mtu. Kila mhusika ni mshukiwa mpaka kitabu kiishe."

Mwamvita binti Twalibu alikaa dawati la tatu. Baba yake, fundi cherehani wa Mtendeni, alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma, na tangu siku hiyo masomo yalimpita kama upepo. Tamthilia waliyokuwa wakiisoma darasani tu ndiyo iliyomshika. Ilikuwa ya Waingereza wa zamani, habari za mwenye kinu aliyekufa ghafla baada ya chakula. Siku ya maziko jirani yake, mwoka mikate, alivaa koti la marehemu akacheka mbele ya jeneza. Mwishoni ikajulikana kuwa ni yeye aliyemtilia sumu.

"Khole Thabit," mwalimu aliita, "hebu wasomee wenzako ulichoandika."

Khole, ambaye babu zake walitoka Omani na ambaye alikulia mtaa mmoja na Mwamvita, alisimama akasoma. Kucheka kule, aliandika, si dalili ya kitu. Huenda mwoka mikate alikuwa mtani wa marehemu.

Darasa likaangua kicheko.

"Uingereza hakuna watani," Mwalimu Nikolaus akasema. "Kule anayecheka msibani ana lake jambo. Sita kwa ishirini. Mwamvita, kumi na nane. Hoja imenyooka. Umechukua yanayokusaidia, ukaacha yasiyokusaidia."

Mwamvita alipokea daftari, akaacha kusikiliza. Maana hata msibani kwao kulikuwa na mtu aliyecheka.

Mtu huyo ni Lugembe, Mnyamwezi wa Sikonge, mfuga nyuki katika kijiji cha ujamaa. Babu yake Mwamvita alikuwa Mzaramo aliyekuja Tabora na misafara, asirudi tena pwani. Na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za kubeba mizigo. Kila Lugembe alipofika Mtendeni na baiskeli yake, matusi yalianzia barabarani.

"Twalibu! Babu yako alitua mzigo hapa akasema mguu unamuuma. Haujapona tu?"

"Na wa kwako aliubeba mpaka pwani, akarudi na upara. Ndio huo umeurithi!"

Kisha wakala sahani moja.

Siku ya msiba Lugembe aliingia ndani bila hodi, akavaa kanzu na kofia ya marehemu, akajitundika utepe wa kupimia shingoni, akakaa kwenye cherehani pale barazani. "Mwamvita!" aliita kwa sauti ya Twalibu mwenyewe. "Chai imepoa, au mnataka nife kiu?" Watu walicheka huku wanalia. Jeneza lilipotolewa alilala mlangoni akakataa lisipite, mpaka wazee walipombembeleza. Siku ile Mwamvita aliona ni mila tu. Sasa, mwenye alama kumi na nane, alianza kuisoma upya.

Alhamisi Lugembe alileta asali. Baba akaila. Jumamosi alfajiri baba akaanguka karibu na mtungi wa maji, asiinuke tena. Na kabla ya adhuhuri Lugembe yuko msibani. Kutoka Sikonge, kwa baiskeli, kwenye barabara ile ya vumbi? Nani alimpelekea habari? Na mbona hakudondosha hata chozi?

Aliyaandika yote nyuma ya daftari la Kiingereza, juu akaweka neno Ushahidi, akapiga mstari. Jioni akamwonyesha Khole.

"Mwenzangu," Khole akasema, "hicho ni kitabu."

"Na baba yangu je?"

"Baba yako alikuwa na mtani."

"Ndiyo maana ukapata sita."

Khole akafunga buibui lake, akaenda kwao.

Tangu hapo Mwamvita hakumwacha Lugembe kwa macho. Kila Ijumaa mtu huyo alikuja na karanga au mihogo, akaongea na mama kupitia pazia, kwani mama, Bi Tatu, alikuwa ndani ya eda. Kwa nini anakuja mno? Kwa nini anaichungulia ile cherehani? Asali iliyobaki Mwamvita aliimwaga nyuma ya choo, kisha akasimama akitazama kama sisimizi watakufa. Hawakufa. Hilo hakuliandika.

Jumatano alikwenda kwa Mzee Nassibu, balozi wa nyumba kumi. Mzee alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima huku midomo ikichezacheza.

"Mjukuu, unajua unachosema?"

"Najua, babu."

"Siku hizi mtu akileta neno, siwezi kulikalia. Ijumaa akija, nitakuwepo."

Lugembe alikuja. Baada ya sala wakakaa barazani: balozi juu ya kiti, Lugembe juu ya mkeka, Mwamvita karibu na mlango. Mama yuko nyuma ya pazia, hajui lililoitiwa kikao. Mzee Nassibu alisoma daftari kwa sauti, neno kwa neno. Lugembe alianza kwa kutabasamu, akidhani ni utani. Walipofika kwenye asali, tabasamu likaondoka.

"Lugembe, Jumamosi ile ulifikaje mapema?"

"Sikuwa nimeondoka, mzee. Nilikuwa kwenye ghala la ushirika hapa mjini, nangoja asali ya kijiji ipimwe. Nililala palepale juu ya magunia. Karani yupo, muulizeni."

Balozi akamgeukia Mwamvita. "Asali hiyo alikula baba yako peke yake?"

Mwamvita alitazama mkeka. Aliiona ile Alhamisi: mkate, kijiko, mama akimkaripia kwa kulamba mno.

"Tulikula sote," alisema.

"Mbona hukuandika?"

Lilikuwa halimsaidii.

Pazia likatikisika. "Mwamvita," mama akasema, na sauti yake ilikuwa chini sana, "baba yako alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari alimwambia tangu mfungo uliopita. Alinikataza nisikuambie, una mitihani. Lugembe alijua. Ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, wewe ukiwa shuleni."

Mzee Nassibu alichana ule ukurasa, akautia mfukoni. "Kwangu limekwisha," akasema, akaondoka.

Lugembe aliinuka, akakung'uta suruali. Mwamvita alingoja atukanwe. Alilitaka tusi, lolote, kubwa kuliko yote aliyowahi kusikia.

"Bi Mwamvita," Lugembe alisema, "unisamehe kwa yale ya siku ya msiba. Marehemu ndiye aliyeniagiza nisiwaache mlie tu. Sikujua kuwa yalikuudhi."

Hakuwahi kumwita Bi. Tangu akiwa mtoto wa kubebwa alimwita kijakazi, mvivu, mla mihogo wa pwani.

"Shemeji," mama aliita kutoka ndani, "mtukane basi mtoto huyu!"

"Haifai, shemeji. Ana msiba."

Akashika baiskeli. Mwamvita akateremka barazani peku, akamfuata mpaka njiani. Alitafuta maneno ya baba yake, asiyapate, akatafuta yake.

"Nenda zako, Mnyamwezi wee! Hata nyuki wamekuchoka, wanakupa asali ili uondoke!"

Lugembe alisimama. Wapita njia wawili walicheka. Yeye alimtazama binti yule kwa adabu, kama mtu anavyomtazama asiyemjua aliyemwonyesha njia.

"Ahsante, binti Twalibu," alisema, akaikokota baiskeli bila kuipanda.

Mwamvita alirudi mlangoni.

"Amekujibu nini?" mama akauliza.

"Ameshukuru."

"Mtani hashukuru," mama akasema nyuma ya pazia.