Mchanga wa Buti za Afande

Kila jioni, kabla ya kufunga duka lake la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, Parmuat aliketi juu ya ndoo tupu ya rangi, akafungua kamba za buti zake, akazipindua. Mchanga ulitoka. Haukuwa ule wa hudhurungi ambao malori huuzoa mitoni Kajiado. Huu ulikuwa mweupe, laini, wenye vipande vya makombe ya baharini. Mkewe, Naeku, aliukinga kwa karai, akaenda kuumwaga kwenye lundo nyuma ya duka. Kisha walifunga wakaenda nyumbani kula.

Ulianza kutoka aliporudi kutoka vitani Somalia. Mwanzoni ulijaa kikombe, baadaye karai. Naeku alimnunulia buti mpya, kisha akamnunulia akala za tairi. Hata kwenye akala ulitoka, ingawa haijulikani ulikuwa ukikaa wapi.

Mafundi walioliona lundo walijua mali.

"Afande, hiyo mchanga ni safi ya plasta. Lori moja ni ngapi?"

"Hiyo haiuzwi."

"Sasa hardware gani haiuzi mchanga?"

"Hii."

Walimcheka. Kitengela watu walikuwa wameuza malisho ya babu zao vipande vipande, wakauza na njia ya nyumbu wa porini, sembuse mchanga wa kiatuni. Parmuat alicheka nao, maana alipenda utani, kisha akawauzia simiti.

Naeku alijua sababu. Huko vitani mumewe alikuwa na rafiki, Odero, mtu wa Siaya, waliyekuwa wakila naye sahani moja. Siku kambi iliposhambuliwa Odero alimfia mapajani. Parmuat alimfukia mchangani kwa kuchota na bakuli, akakimbia. Aliporudi, wakubwa walimhoji. Ulimzika nani? Lakini Parmuat alilelewa na nyanya yake kule Ewuaso Kedong, na kwa nyanya yake jina la marehemu halitajwi. Ukilitaja umemwita, na ukimwita atakuja. Akajibu, "Rafiki yangu. Yule wa Siaya." Wa Siaya walikuwa wengi. Wakamuuliza tena, akainama. Mwili haukuwapo, jina halikutajwa, basi Odero akaandikwa mtoro.

Parmuat alipoelewa heshima yake ilikuwa imefanya nini, alirudi ofisini kwa wale wakubwa wa jeshi kulisema jina. Kinywa kilimjaa mchanga mlangoni, ikabidi atoke nje kutema. Alijaribu tena na tena, hata askari wa geti wakazoea, wakawa wanamwekea ufagio.

Mke wa Odero, Caren, alishona nguo katika kiwanda cha Athi River na kupanga chumba hukohuko Kitengela. Waluo mtu wao akipotea na mwili usipatikane, huzika tunda la mti wa yago mahali pake, kilio kikaisha. Wazee wa Siaya walikataa. Serikali imesema mtu yuko hai, walisema, na tukimzikia yago akiwa hai tutakuwa tumemuua sisi. Caren akabaki si mke, si mjane. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kuketi kando ya lundo, akavua viatu, akaingiza miguu.

Kisha Parmuat akaanza kukohoa. Hospitalini Kajiado daktari alisema ni mapafu. Naeku alikuwa ameshika mkono wake Parmuat alipofungua kinywa, kikavu, hakina hata chembe ya mchanga, akasema, "Odero." Hakusema lingine, akakata roho. Naeku alilia kwa sauti kubwa, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu jina hilo lingesemwa mapema lingefaa.

Alipokwenda dukani kuchukua turubai la matanga, lundo halikuwapo. Pale pale alikuwa amelala mwanamume wa mchanga, kiubavu, na sare yake ya mchanga, pengo kwenye meno ya juu. Naeku alimsalimu, akamfunika shuka upepo usimpunguze, akampigia Caren simu. Caren alifika na aproni ya kiwanda. Alimtazama sana, akampangusa sikio.

"Amekonda," akasema.

Baada ya kumzika Parmuat Ewuaso Kedong, walimpakia Odero kwenye pikapu ya duka wakampeleka ofisini. Ofisa alitoka nje, akafunua shuka, akalinganisha uso na picha.

"Ni yeye. Poleni sana, mama."

"Basi andika amekufa," Naeku akasema.

"Nani alimwona akifa?"

"Mzee wangu."

"Aliitwa nani?"

Tangu aolewe Naeku hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Alipokuwa hai alimwita Baba Seleyian, na sasa mauti yalikuwa yamelifunga kabisa. Alimtazama Caren, aliyekuwa ameshika ukingo wa shuka.

"Parmuat," akasema. Alilisema kwa nguvu, hata askari wa geti akasikia.

Ofisa aliingia ndani, akatoka. "Huyo tuko naye kwa faili. Aliulizwa jina ya marehemu akanyamaza. Ilifungwa hivyo."

"Lakini marehemu si huyu hapa?"

"Ni huyu, mama. Na kama amerudi, si inamaanisha alikuwa ametoroka?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ofisa aliwasaidia kufunika shuka vizuri, akawatakia safari njema.

Siaya wazee walimpokea Odero kwa heshima, wakamlaza kitandani nyumbani kwake. Kumzika walikataa. Caren aliacha kazi ya kiwanda akakaa naye.

Nako Kitengela, jioni ya siku ya kwanza Naeku kufungua duka peke yake, Parmuat alikuja. Alikuwa ameitwa. Aliketi juu ya ndoo, uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Naeku aliumia kuliko siku ya mazishi, maana pumziko la mumewe ndilo alilolipeleka ofisini, na halikununua kitu. Akaenda kuleta karai. Buti zilikuwa tupu, na tangu siku hiyo zilikuwa tupu kila jioni.

Masika yalipoanza Caren alipiga simu. "Mama Seleyian, nyumba inavuja upande wa kitanda. Jana imemtoa bega."

Jioni hiyo Parmuat alipindua buti, mchanga ukatoka, kiasi cha kikombe, umelowa. Naeku aliukausha juu ya jiko, akautia kwenye mfuko wa misumari na kuufunga vizuri. Akachagua mabati mazito na misumari ya kofia, akavipeleka vyote kwenye basi la Siaya. Karani wa mizigo aliuliza vinakwenda kwa nani.

"Odero."

"Mwenyewe yuko?"

"Yuko," Naeku akasema. "Anangoja kuzikwa."

Karani akaandika yuko.